Huruma Inayonyamazisha: Historia, Wanyamapori na Safari katika Vitabu vya Alan Moorehead

Utangulizi

Ni vigumu kumweka Alan Moorehead katika utanzu mmoja. Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1910, akafia London mwaka 1983, na katika maisha yake ya uandishi aligusa takriban kila tawi la nathari isiyo ya kubuni. Aliandika kuhusu vita vya Afrika Kaskazini katika vitabu vitatu vilivyokuja kuunganishwa kuwa African Trilogy (1944). Aliandika wasifu wa jemadari Montgomery (1946), habari za wasaliti waliouza siri za bomu la atomiki katika The Traitors (1952), safari ya kurejea nchini mwake katika Rum Jungle (1953), na historia ya kampeni ya Gallipoli (1956), kitabu kilichomletea tuzo ya Duff Cooper. Wanyama wa Afrika walipata nafasi yao katika No Room in the Ark (1959). Kisha vikafuata The White Nile (1960), The Blue Nile (1962), Cooper's Creek (1963), The Fatal Impact (1966) na Darwin and the Beagle (1969). Riwaya mbili alizoandika hazikupata umaarufu wa vitabu hivi, nazo hazitashughulikiwa hapa.

Mwandishi wa namna hii humtatiza mhakiki. Mwanahistoria humwona kuwa mwanahabari, mwanafasihi humwona kuwa mwanahistoria, naye mtaalamu wa wanyama humwona kuwa msafiri mwenye kalamu nzuri. Kwa hiyo kazi zake huelekea kusomwa kimoja kimoja, kila kitabu kikipimwa kwa mizani ya taaluma yake, na lile linaloviunganisha likaachwa bila kutajwa.

Makala haya yanadai kwamba anuwai ya vitabu vya Moorehead ni ya juu juu. Chini yake upo msuko mmoja unaorudiwa: mgeni anafika mahali panapodhaniwa kuwa pamekaa katika hali yake ya asili, mahali hapo panaharibika, na msimulizi, akiwa amesimama baada ya tukio, anaomboleza. Maombolezo hayo ni ya dhati, na hayapaswi kudharauliwa. Hata hivyo, yana gharama yake. Ili msuko ukamilike, wenyeji wa mahali panapoombolezwa hupangwa upande mmoja na wanyama na mandhari: wanaonekana, wanahurumiwa, lakini hawasemi. Hii ndiyo huruma ambayo makala haya yanaiita huruma inayonyamazisha.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. The White Nile, mojawapo ya vitabu vilivyoieneza historia ya eneo hili miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza, kinaanzia Unguja mwaka 1856, na njia zake nyingi ni zile zile zilizofunguliwa na misafara ya Waswahili na Wanyamwezi. Aidha, tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa pendekezo lao la 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, swali la kitu gani kisomwe na kisomwe kutokea wapi halijakoma kuulizwa katika idara za fasihi. Vitabu vya Moorehead vinatoa nafasi nzuri ya kulijibu upya.

Mwanahabari nyuma ya msafara

Chanzo cha mtindo wa Moorehead ni kazi ya habari. Alipokuwa mwandishi wa gazeti la Daily Express wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alilazimika kuueleza mchana wa vita kwa msomaji aliyeko mbali, kwa maneno machache na kabla ya usiku kuingia. Tabia tatu zilimkaa kutokana na shule hiyo. Kwanza, huanza na mahali: joto, upepo, rangi ya ardhi, umbali wa upeo wa macho. Pili, humchagua mtu mmoja na kuyabeba matukio makubwa juu ya mabega yake. Tatu, hupenda mwendo, na kwa hiyo sentensi zake husonga mbele bila kuelemewa na ushahidi. Ni tabia hizi zilizompa wasomaji wengi, na ni hizi zinazowafanya wasomaji hao wasiulize maswali.

Ipo tabia ya nne ambayo haionekani kwa urahisi. Mwanahabari wa vita husafiri nyuma ya jeshi. Anaona kile ambacho jeshi limekifikia. Kilichoko nje ya barabara ya jeshi hakimo katika taarifa yake. Jangwa la Libya, katika vitabu vya vita vya Moorehead, ni uwanja unaogombaniwa na Waingereza, Waitalia na Wajerumani. Kwa mwandishi wa habari za kila siku huo ni mpaka wa kazi yenyewe, wala si kosa la kumlaumu.

Tatizo linajitokeza pale tabia hiyo inapohamishiwa katika historia. Katika The White Nile, mahali pa jeshi pamechukuliwa na shajara za wavumbuzi. Richard Burton na John Hanning Speke wanafika Unguja mnamo Desemba 1856, na kuanzia hapo msimulizi huwafuata: pwani hadi Ziwa Tanganyika walilolifikia mwaka 1858, kisha na Speke peke yake hadi kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwaka huo huo. Baadaye huwafuata Samuel Baker, David Livingstone, Henry Morton Stanley na Charles Gordon. Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambaye Speke alikaa katika kasri lake mwaka 1862, anaonekana kupitia macho ya Speke, kwa kuwa ni kitabu cha Speke kilichoko mezani. Ikulu yenye mabaraza, vyeo na siasa zake inageuka kuwa tamasha la ajabu linalomtokea msafiri njiani. Msomaji hasafiri kuelekea Buganda. Buganda ndiyo inayomtokea Speke. Kwa maneno mengine, chanzo cha habari kimegeuka kuwa mtazamo wa masimulizi, na mageuzi hayo yamefanyika bila kutangazwa.

Msuko mmoja katika vitabu vingi

Ushahidi ulio wazi zaidi wa msuko huu unapatikana katika mgawanyo wa vitabu vyenyewe. The White Nile kina sehemu nne, na majina yake, yakitafsiriwa kwa Kiswahili, ni uvumbuzi, unyonyaji, uasi wa Waislamu na ushindi wa Wakristo. Yafaa kuyazingatia maneno haya moja baada ya jingine. Kuvumbua ni kitendo cha mtu asiyejua. Kwa aliyezaliwa kando ya ziwa, hakuna kilichovumbuliwa mwaka 1858. Neno la pili ni la kishujaa: si waandishi wengi wa kizazi cha Moorehead walioweka unyonyaji mara tu baada ya uvumbuzi, kana kwamba kimoja ni mtoto wa kingine. Hapo uhakiki unapaswa kumpa heshima yake. Lakini neno la tatu linairudisha mizani palepale. Harakati za Mahdi nchini Sudan, zilizoanza mwaka 1881 na kuuteka mji wa Khartoum mnamo Januari 1885, zinaitwa uasi. Uasi huhitaji serikali halali inayoasiwa. Waliomfuata Muhammad Ahmad hawakujiona kuwa waasi; waliona kuwa wanaifuta dhuluma ya utawala wa Misri na kuirejesha dini. Na vita vya Omdurman vya Septemba 1898, ambamo maelfu ya watu waliuawa kwa bunduki za rashasha, vinaangukia chini ya jina la ushindi. Huenda mwandishi alikusudia kinaya katika jina hilo. Hata kama ni hivyo, kinaya hicho kinamhusu mshindi. Aliyeshindwa hakipati hata kuwa mhusika wa kinaya.

The Blue Nile kina sehemu nne pia: upelelezi wa awali, Wafaransa nchini Misri, Waturuki nchini Sudan, na Waingereza nchini Ethiopia. Ukiachilia mbali ile ya kwanza, ambayo mhusika wake mkuu ni Mskoti James Bruce, sehemu zote zinatajwa kwa jina la aliyewasili. Misri, Sudan na Ethiopia ni mahali. Wafaransa, Waturuki na Waingereza ni watendaji. Kisarufi tu, wenyeji wamewekwa kuwa kielezi cha mahali.

Kufikia The Fatal Impact, msuko umekomaa na kuwa hoja. Kitabu hiki kinaeleza kuvamiwa kwa Pasifiki ya Kusini kati ya 1767, Samuel Wallis alipofika Tahiti, na 1840. Sehemu zake ni tatu: Tahiti, Australia na Antaktika. Hapa Moorehead hana shaka tena kuhusu aliye mkosaji. Maradhi, pombe, silaha na dini ngeni vinaivunja jamii ya Tahiti. Makazi ya wafungwa yaliyoanzishwa Sydney mwaka 1788 yanawasukuma Waaborijini kutoka katika ardhi yao. Na kwenye bahari za kusini, wawindaji wanawachinja sili na nyangumi karibu wote. Ni mashtaka makali dhidi ya ustaarabu uliomlea mwandishi mwenyewe, nayo yalitolewa wakati ambapo masimulizi ya fahari bado yalitawala vitabu vya shule.

Hata hivyo, mpangilio huo wa sehemu tatu unadai kusomwa kwa makini. Watahiti, Waaborijini na sili wamesimama katika mstari mmoja. Wote ni wahanga wa mgongano ule ule, na hatima yao ni moja. Wanahistoria wa Pasifiki waliofuata, miongoni mwao K. R. Howe katika miaka ya 1970, waliipinga nadharia hii ya mgongano wa mauti kwa sababu inawanyima wenyeji uwezo wa kutenda. Watu wa Pasifiki walifanya biashara, walipigana, walikubali baadhi ya mambo na kuyakataa mengine, walimtumia mgeni katika siasa zao wenyewe, na hawakwisha. Tupaia, kuhani na nahodha kutoka Raiatea aliyepanda chombo cha James Cook mwaka 1769, alimchorea Cook ramani ya visiwa ambavyo Wazungu hawakuwa wamevijua. Mtu huyo hawezi kuwekwa katika safu moja na sili, hata kama aliyemweka humo anamlilia.

Safina na mlango wake

No Room in the Ark ndicho kitabu kinachoonyesha waziwazi uhusiano kati ya maandishi ya Moorehead kuhusu wanyama na yale ya historia. Kimetokana na safari zake katika Afrika ya mashariki, kati na kusini, na ndani yake mna kurasa zinazostahili kusomwa na kila anayejifunza ufundi wa maelezo, hasa zile zinazohusu kuwatafuta gorila katika milima ya mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Msimulizi huyu anajua kungoja. Hamvishi mnyama hisia za binadamu kwa pupa, na anaeleza hofu yake bila kujitia ushujaa.

Jina la kitabu ni istiari ya safina ya Nuhu: nafasi imekwisha, wanyama wanaachwa nje. Istiari hii ina nguvu, lakini pia ina maswali ambayo kitabu hakiyaulizi. Katika kisa cha Nuhu, watu na wanyama wanaingia safinani pamoja. Gharika ndiyo hatari. Katika matumizi ya Moorehead, gharika ni watu wenyewe, kuongezeka kwao, mifugo yao na mashamba yao. Na Nuhu je? Ni nani mwenye haki ya kuamua atakayeingia na atakayebaki? Mwaka huo huo wa 1959, sheria mpya nchini Tanganyika iliitenganisha Serengeti na Ngorongoro, na Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo upande wa Serengeti wakatakiwa kuhama. Bernhard Grzimek alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu Serengeti mwaka huo pia, na Joy Adamson akafuata na Born Free mwaka 1960. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Fasihi ya wanyamapori ya kipindi hicho, kwa hiyo, iliandikwa katika miaka ile ile ambayo mamlaka juu ya ardhi ilikuwa inabadilisha mikono. Maombolezo ya wanyama yalikuwa pia, yamkini bila mwandishi kujua, maombolezo ya mlinzi anayeondoka.

Si nia ya makala haya kudai kwamba hatari ya wanyama ilikuwa ya kubuni. Ilikuwepo, na ingalipo. Linalohojiwa ni umbo la masimulizi. Mnyama kwa kweli hawezi kujieleza katika kitabu; anahitaji msemaji, na msemaji mwenye huruma ni bora kuliko asiye na huruma. Mwandishi aliyezoea kusema kwa niaba ya mnyama anaweza, bila kukusudia, kuihamishia desturi hiyo kwa binadamu. Kimya cha gorila ni cha maumbile. Kimya cha mpagazi katika The White Nile ni cha kutengenezwa. Vitabu vya Moorehead, vikisomwa pamoja, vinamzoesha msomaji kuvisikia vimya hivi viwili kana kwamba ni kimoja.

Pale anapoweza

Hoja hii ingekuwa dhaifu kama Moorehead angekuwa mwandishi asiyeweza kabisa kuuona upande wa pili. Anaweza, na Gallipoli ni ushahidi. Kitabu hicho hakianzi kwenye manowari za Waingereza. Kinaanzia Constantinople, miongoni mwa Vijana wa Kituruki, katika wasiwasi na tamaa zao. Waturuki katika kitabu hicho wana majina, mipango, makosa na mashujaa. Mustafa Kemal ni mhusika kamili anayefikiri, anayeamua na anayebadilisha mkondo wa vita. Msomaji wa Australia, ambaye Gallipoli kwake ni kaburi la taifa, analazimika kusimama kwenye handaki la adui na kutazama pwani kutokea huko.

Vivyo hivyo, katika The Blue Nile, Tewodros wa Ethiopia anapata hadhi ya mhusika wa tanzia: mfalme mwenye ndoto kubwa, anayeharibiwa na hasira yake na upweke wake, na anayejiua Magdala mnamo Aprili 1868 badala ya kukamatwa. Jina la sehemu hiyo linampa Mwingereza utendaji, lakini kurasa zinamkataa Mwingereza na kumfuata mfalme.

Kwa nini Mustafa Kemal na Tewodros wanasema, ilhali Bombay na Mutesa wanatazamwa tu? Jibu la haraka litakuwa ni ubaguzi, lakini jibu hilo halitoshelezi. Jibu linaloelekea kuwa la kweli zaidi ni kwamba Uturuki na Ethiopia zilikuwa na dola zenye nyaraka, na Moorehead, kwa malezi yake ya kihabari, aliliheshimu karatasi. Palipo na karatasi aliona akili. Pasipokuwa na karatasi aliona mazingira.

Cooper's Creek kinaonyesha mipaka ya tabia hiyo kwa uchungu zaidi. Robert O'Hara Burke na William John Wills waliondoka Melbourne mwezi Agosti 1860 kuivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Waliporejea kambini Cooper's Creek jioni ya tarehe 21 Aprili 1861, wenzao waliokuwa wakiwangoja walikuwa wameondoka asubuhi ya siku ile ile. Burke na Wills walikufa kwa njaa miezi miwili hivi baadaye. Mwenzao John King alipona kwa sababu Wayandruwandha, wenyeji wa mto huo, walimpokea na kumlisha hadi alipopatikana mwezi Septemba. Moorehead anasimulia haya yote kwa ustadi, na saa zile chache zilizowapishanisha watu ndizo kilele cha kitabu. Lakini kisa kile kile kina kilele kingine: watu wawili walikufa njaa mahali ambapo wengine waliishi, na kabla ya kufa, Burke aliwatisha kwa bastola wale waliomletea samaki. Tanzia ya kwanza ni ya bahati mbaya. Ya pili ni tanzia ya maarifa yaliyokataliwa. Msuko wa msafara unaweza kuibeba ya kwanza tu, kwa sababu ya pili inamhitaji Myandruwandha awe mjuzi, si mandhari.

Sauti zilizokuwepo

Ingekuwa rahisi kumtetea Moorehead kwa kusema kwamba katika bara la Afrika Mashariki hapakuwa na karatasi. Utetezi huo hausimami. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa juhudi za Heinrich Brode, na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilitokea katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mnamo 1958 na 1959, yaani kabla tu ya The White Nile. Ndani yake Livingstone, Cameron na Stanley hawavumbui chochote. Ni wageni waliokwama, wenye kuhitaji chakula, ulinzi na njia, na mwenyeji wao anawapima kwa kipimo cha mfanyabiashara: nani hutimiza ahadi na nani hatimizi. Stanley hatoki vizuri katika mizani hiyo.

Wala Tippu Tip si wa pekee. Safari za Waswahili zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 zina masimulizi ya watu walioingia bara wakaandika waliyoyaona. Miongoni mwao ni Selim bin Abakari, aliyemfuata Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuwaeleza watu wa huko, mavazi yao na vyakula vyao, kwa utulivu ule ule ambao msafiri wa Ulaya aliutumia kuwaeleza watu wa Ugogo. Kwa upande wa Buganda, Apolo Kagwa alichapisha kitabu chake cha historia ya makabaka kwa Kiganda mwaka 1901. Humo Mutesa hamtokei Speke njiani. Speke ndiye anayepita katika utawala wa Mutesa.

Wako pia wale ambao hawakuandika, lakini njia walizopita zinawataja. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa India na kurejea Unguja akiwa huru, alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, na hatimaye akavuka bara na Cameron. Hakuna Mzungu hata mmoja katika The White Nile aliyekuwemo katika misafara yote hiyo minne. Kama kitabu kinatafuta mtu mmoja wa kuubeba msuko mzima mabegani, kama ilivyo desturi ya Moorehead, Bombay alikuwa tayari. Susi na Chuma nao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofariki mwaka 1873, hadi pwani. Uamuzi wa kuubeba, njia ya kupita na hila za kuvuka nchi za watu vilikuwa vyao, baada ya bwana wao kuwa amekwisha kunyamaza.

Hapana budi kuongeza tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba sauti hizi za Kiswahili hazikutufikia bila mikono ya wengine. Brode na Velten walikuwa watumishi wa dola ya Kijerumani, na waliomba kile walichotaka kusikia. Ya pili ni nzito zaidi. Tippu Tip mwenyewe ana kimya chake. Watu wa Manyema, katika simulizi yake, ni wenye pembe za ndovu, ni wa kutiishwa, ni wa kutekwa. Msuko wa msafara si mali ya Wazungu peke yao. Kila anayeingia nchi ya watu akiwa na bunduki na daftari huwa karibu nao. Kwa hiyo dawa ya kitabu cha Moorehead si kukiondoa na kukiweka cha Tippu Tip mahali pake. Dawa ni kuvisoma pamoja, kimoja kikisikiliza pale kingine kinaponyamaza.

Hitimisho

Mnamo Desemba 1966 Moorehead alipatwa na kiharusi kilichompokonya uwezo wa kusema, kusoma na kuandika kama zamani. Vitabu viwili vilivyofuata, Darwin and the Beagle na kumbukumbu zake A Late Education (1970), vilifika kwa msomaji kwa msaada wa mkewe, Lucy, aliyeipanga miswada aliyokuwa ameiacha. Mhakiki hana haki ya kuufanya ugonjwa wa mtu kuwa istiari. Lakini tukio hilo lina funzo la kawaida kabisa kuhusu maandishi: sauti hutufikia kupitia mkono wa mwingine mara nyingi kuliko inavyokiriwa. Mkono wa Lucy unajulikana na unaheshimiwa. Mikono ya Bombay, Susi na Chuma, ambayo bila hiyo shajara za wavumbuzi zisingefika pwani na The White Nile kisingekuwa na vyanzo, haikupewa sehemu hata moja ya kitabu hicho.

Makala haya hayapendekezi kwamba Moorehead aachwe. Mwandishi aliyeweka unyonyaji baada ya uvumbuzi mwaka 1960, na aliyeandika mashtaka ya The Fatal Impact mwaka 1966, anastahili msomaji mwangalifu kuliko wengi waliojaza rafu za historia ya ukoloni. Linalopendekezwa ni kwamba asomwe kwa ukamilifu wake, historia pamoja na wanyama pamoja na safari, maana hapo ndipo msuko mmoja unapojitokeza. Na kwamba katika idara zetu asisomwe peke yake. Mwanafunzi anayepewa The White Nile apewe pia Maisha ya Hamed bin Muhammed na safari ya Selim bin Abakari, na aulizwe swali moja kwa kila ukurasa: ni nani anayetembea hapa, na ni nani amefanywa mandhari ya matembezi hayo? Swali hilo litamfaa hata atakapofika kwenye vitabu vya leo kuhusu mbuga, hifadhi na utalii, ambamo ng'ombe na mchungaji bado hutolewa kwenye picha ili simba aonekane vizuri.